Nilivyojifunza Kutunza Ukoka

Mimi ni karani wa parokia katika mji wa Dar es Salaam, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Kariakoo. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kupokea barua, kuhesabu sadaka pamoja na wazee wa kanisa, na kufungua mlango wa ofisi saa mbili asubuhi. Kwa elimu mimi ni mwalimu, maana nilisoma chuo cha ualimu. Lakini nafasi ya kufundisha haikupatikana upesi, nikapata kalamu ya ofisini. Leo sitasema habari za vitabu. Nataka kuwasimulia habari za majani.

Najua wengine mtacheka na kusema: "Majani! Sisi huku kijijini twapigana nayo kila siku shambani, na huyu wa mjini atufundisha kuyatunza?" Ngojeni kidogo. Hata mama yangu alicheka hivyo hivyo, nami nitawaeleza jinsi alivyocheka. Lakini kwanza sharti niwaambie makosa yangu, maana bila makosa hayo nisingekuwa na la kuandika.

Mbele ya kanisa letu pana kiwanja kidogo, upana wake hatua 20, urefu wake hatua 30. Pande zote kimezungukwa na maduka na majumba ya ghorofa. Katika mtaa wetu mzima hapo ndipo mahali pekee penye udongo usiofunikwa kwa saruji wala lami. Watoto wa Komunyo ya kwanza hupigiwa picha hapo. Maarusi hupita hapo wakicheka, na majeneza hupita hapo hapo. Basi katikati ya mwaka 2022 Baba Paroko akaniita akaniambia: "Karani, wewe ni mtoto wa mkulima. Kiwanja hiki kimekuwa na upara. Mwakani tutakuwa na Kipaimara, wageni watakuwa wengi. Nataka nione majani, si vumbi."

Nikafurahi, tena nikapata kiburi. Ofisini palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya nyumba moja ya Uingereza, na mbele yake majani yaliyokatwa sawasawa kama mkeka mpya. Nikasema moyoni, nitafanya kama ile. Sikukumbuka kwamba kule mvua ni za manyunyu na jua ni la upole, na hapa kwetu jua la Januari hupasua hata ndoo. Wala sikumwuliza mtu, hata yule mzee wetu wa bustani, mtu wa Rufiji, aliyefagia kiwanja kile tangu mimi sijazaliwa. Nilimwona kuwa mtu wa ufagio tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mbolea. Nilinunua kilo 5 za urea, nikaimwaga saa saba mchana, siku ya jua kali, kwa mikono miwili kama mtu alishaye kuku. Nikadhani kilicho kizuri kikizidi huwa kizuri zaidi. Siku ya nne ule ukoka kidogo uliokuwapo ukageuka rangi ya chai. Nilipokuwa nimesimama nikishangaa, mzee akapita na ufagio wake, akatazama, akasema: "Karani, mboga umezitia chumvi nyingi." Akaenda zake.

Naye alisema kweli kuliko alivyojua. Karibu nusu ya urea, yaani sehemu 46 katika 100, ni nitrojeni, chakula kikali cha majani. Ikiwa nyingi pasipo maji ya kutosha huwa kama chumvi: huvuta maji kutoka mizizini badala ya kuyapeleka. Na ile isiyotumiwa na majani huchukuliwa na mvua mpaka mitaroni, na kutoka mitaroni mpaka Bonde la Msimbazi na baharini, ambako hulisha magugu ya maji na kuchafua mahali pa samaki.

Kosa la pili lilikuwa maji. Kila jioni, kazi ya ofisi ikiisha, nilishika mpira wa maji nikanyunyiza kwa dakika kumi, nikisikia raha kuona ule mvuke ukipanda. Kumbe, kunyunyiza kidogo kila siku ni kuyafundisha majani uvivu. Mizizi haina haja ya kushuka chini kutafuta maji. Hukaa juu juu, na siku moja tu ya jua bila maji, majani hulala. Yafaa zaidi kumwagilia mara moja au mbili kwa juma, asubuhi na mapema, maji yazame kina cha kidole kirefu, kisha kuacha. Jambo hilo sikulijua.

Ikafika mwisho wa Oktoba 2022. Vuli ilikuwa haijanyesha, na mto Ruvu ukapungua sana. Mji mzima ukaanza kupata maji kwa mgao. Mtaani kwetu bomba likakauka siku nyingi mfululizo. Lakini parokia ina matangi makubwa, nami nikaendelea kumwagilia majani yangu kama kawaida. Jioni moja nikasikia watu wanaongea kwenye geti. Nikageuka. Walikuwa akina mama kama kumi, kila mmoja na ndoo yake, wamesimama wananitazama. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja mtu mzima akasema kwa sauti ya kawaida: "Karani, mwanangu, haya majani yana watoto wangapi?"

Nikafunga bomba. Nikaenda kumweleza Baba Paroko, naye usiku ule ule akaagiza matangi yafunguliwe kwa majirani, kila nyumba ndoo mbili. Mimi ndiye niliyeshika mpira, safari hii kwa kujaza ndoo.

Kitu kilichonichoma zaidi ni hiki. Mimi nimezaliwa Matombo, katika milima ya Uluguru. Maji ya Ruvu hutoka milimani kwetu, hushuka mpaka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ndipo huja Dar es Salaam. Tangu utoto nimeona mama yangu akichota maji yale kijitoni na kuyabeba kichwani, wala hakumwaga hata kikombe bure. Na mimi mwanawe, chini huku, nayamwaga juu ya majani yaliyoungua.

Labda mtasema hapo nilijifunza. Bado. Kosa la tatu ndilo kubwa, na mpaka leo nikilikumbuka mwili hunisisimka.

Mwezi wa Novemba ndago zikatokea kiwanjani. Ninyi wakulima mwazijua ndago: ukizing'oa leo, kesho zimesimama tena. Nikachoka. Nikaenda katika vichochoro vya Kariakoo, nikamkuta mtu anayeuza dawa za wadudu na za magugu. Nikamweleza shida yangu. Akachukua dumu kubwa, akanimiminia dawa katika chupa tupu ya maji ya kunywa, isiyo na karatasi wala maandishi, akaniambia: "Hii huua majani mabaya, mazuri huyaacha." Nikamwamini. Mimi niliyesoma chuo, niliyefundishwa kuwafundisha watoto kusoma, nikanunua kitu kisicho na maandishi! Jioni nikakichanganya na maji kwa kukisia, nikapuliza kiwanja chote, na kandokando ya ua nikapuliza mara mbili, kwa sababu huko magugu yalikuwa mengi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua ofisi, nikamwona mama anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara. Alikuwa ametoka kandokando ya ua wetu, na ncha ya kanga yake ilikuwa imejaa mchicha. Kumbe, yale niliyoyaita magugu yalikuwa mchicha pori na mnavu, naye kwa miaka mingi alikuwa akichuma pale kwa ruhusa ya mzee wa bustani, awapikie wanawe.

Nikakimbia. "Mama, shikamoo! Tafadhali mama, usiupike huo mchicha."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Jana jioni nimepuliza dawa pale."

Akanitazama. "Dawa gani?"

Nikafungua kinywa. Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Sikujua jina lake, wala ukali wake, wala hukaa siku ngapi katika jani. Nikasema: "Sijui, mama."

"Hujui," akasema. "Umepuliza usichokijua mahali watoto wanapokaa kungoja mafundisho." Akaifungua ile kanga, akamwaga mchicha chini, akaikung'uta mara tatu, akaenda kunawa mikono. Baada ya hapo akarudi kwenye maandazi yake, hakusema tena nami kwa muda wa majuma mawili.

Nashukuru kwamba nilitoka nje dakika ile. Kama ningekuwa nimechelewa kidogo, kama ningekuwa naandika cheti cha mtu, mchicha ule ungekwenda chunguni. Ziko dawa za magugu ambazo funda moja tu huua mtu, wala hospitali hazina dawa ya kuiondoa sumu yake. Parakwati ni mojawapo, nayo katika nchi za Umoja wa Ulaya ilikatazwa mwaka 2007. Ziko nyingine, kama glifosati, ambazo hata wataalamu hubishana juu yake. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya la Dunia liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha kansa. Yangu ilikuwa ipi? Chupa haikusema. Nami nilikuwa nimeiweka chini ya meza ya ofisi, chupa ya maji ya kunywa, katika mji wa joto ambako kila aingiaye huwa na kiu!

Na faida yake ilikuwa nini? Baada ya majuma mawili ukoka ulikufa mabaka mabaka, kila mahali dawa ilipogusa. Ndago zikanyauka juu, kisha zikarudi, maana uzima wake umo katika vitunguu vyake vidogo chini ya udongo. Kiwanja kikawa na upara kuliko mwanzo.

Nikaenda kwa Baba Paroko nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akasema: "Chupa ile uipeleke kwa Bwana Kilimo, akuonyeshe namna ya kuiondoa salama, usiimwage mtaroni. Mama wa watu umlipe mchicha wake. Halafu uende ukamsalimu mzee wa bustani, umwulize yale ambayo ungemwuliza tangu mwezi wa sita." Nikafanya yote matatu. Mchicha nilimnunulia mama kwa siku saba mfululizo, kwenye soko. Siku ya saba akanipa andazi moja, bila neno. Nikajua tumepatana.

Mzee alinipokea kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Akaniketisha chini ya mwembe, akaniuliza: "Kwenu mwatia nini shambani?" Nikasema: "Samadi, na majani yaliyooza." Akasema: "Sasa hapa mjini umesahau nini?"

Akanionyesha kwanza kwamba adui hakuwa ndago, adui alikuwa udongo mgumu. Kwa miaka mingi watu wamepita pale, udongo ukashindiliwa kama sakafu. Ukoka hauwezi kushuka, bali ndago huweza. Akachukua uma wa bustani, akauchoma ardhini na kuutikisa, akaacha matundu, hatua kwa hatua, kiwanja kizima. Kazi hiyo ilituchukua jioni sita. Ndago tukazichimba kwa kisu kirefu pamoja na vitunguu vyake, tukaziweka juani kwenye bati mpaka zikakauka kabisa. Kila Jumamosi tulirudia. Haziishi mara moja, lakini kila zikichimbwa hupungua, na ukoka ukisongamana huzinyima jua.

Pili, akanifundisha kutengeneza biwi la mboji, na hapa Kariakoo ikawa shamba letu. Soko kubwa lile, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lakini biashara ya mboga na matunda katika mitaa haikuzimika. Nendeni Kariakoo jioni mwone: majani ya kabichi, maganda ya machungwa na mananasi, mikungu mitupu ya ndizi, makapi ya miwa, machicha ya nazi. Takataka hizo husombwa kwa malori mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, huko zikarundikana na kuoza bila hewa, zikatoa gesi inayozidisha joto la dunia. Sisi tukaenda na mkokoteni wa parokia Jumamosi mbili kwa mwezi. Wauzaji wakacheka: "Karani anachukua takataka!" Lakini wakafurahi kuondolewa uchafu mbele ya meza zao.

Biwi hutengenezwa hivi. Chini weka vijiti, ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, unene wa shubiri moja; juu yake takataka mbichi za sokoni, nusu ya unene huo; juu yake samadi kidogo ya kuku au udongo wa bustani; kisha rudia, mpaka biwi lifike kifuani. Nyunyiza maji liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Usitie nyama, samaki wala chakula cha mafuta, maana huleta panya. Funika kwa majani ya mgomba. Choma fimbo ndefu katikati. Baada ya siku tatu, ukiichomoa fimbo ukaishika, utaona moto kama wa uji. Ikiwa baridi, biwi lina kiu au halina mbichi ya kutosha; ikinuka uvundo, maji yamezidi, ligeuze uongeze makavu. Geuza kila majuma mawili. Katika joto la pwani, mboji huwa tayari baada ya miezi miwili au mitatu: nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Mzee alikuwa mkali juu ya mambo mawili. La kwanza, plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vipande na kamba hazikosekani katika takataka, na plastiki haiozi. Sharti ichambuliwe kwa mkono. La pili, vifuu vya nazi. Kila kifuu alikifudikiza chini au kukivunja, kwa sababu kifuu kimoja chenye maji ya mvua chatosha kuzaa mbu wa homa ya dengue, ugonjwa ulioutikisa mji huu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Watu husema majani huzaa mbu. Sivyo. Mbu huzaliwa majini. Majani marefu huwapa tu kivuli cha kupumzika mchana. Ukoka uliokatwa haufichi mbu wala nyoka.

Mwezi wa Machi 2023, masika ilipokaribia, tukatandaza mboji iliyochekechwa, unene wa kidole, tukapanda vipande vya ukoka wetu wenyewe, vilivyochimbwa nyuma ya nyumba ya mapadre. Mimi nilikuwa nimetamani mbegu za ng'ambo zenye picha nzuri. Mzee hakutaka kusikia. Naye alikuwa na haki, maana ukoka huu tunaoukanyaga Afrika ndio huo huo Wamarekani wa majimbo ya joto huupanda katika viwanja vyao vya mpira na vya golfu, wakauita majani ya Bermuda! Umezoea jua letu. Kiangazi hulala ukawa kahawia, watu wakadhani umekufa, na mvua ya kwanza huuamsha. Kiangazi tuuache ulale.

Kabla haujashika vizuri, likatokea jambo lingine. Mzee mmoja wa baraza la parokia, mtu mwema na mwenye uwezo, akajitolea kulipia vitofali vya saruji vitandazwe kiwanja kizima. "Mambo ya matope yaishe," akasema, na wengi wakapiga makofi. Baba Paroko akaniambia niseme kama nina neno. Mimi sikuwa na ujasiri, kwa ajili ya makosa yangu. Mzee wa bustani, ambaye si mjumbe, akaomba ruhusa awaonyeshe kitu nje. Akaleta ndoo mbili za maji. Moja akaimwaga juu ya saruji ya getini: maji yakakimbia, yakavuka kizingiti, yakaingia barabarani mpaka mlangoni pa duka la watu. Ya pili akaimwaga juu ya ukoka mchanga. Maji yakasimama kidogo, yakazama. Akasema: "Mabwana, saruji haiondoi maji. Huyapeleka kwa jirani."

Watu wakanyamaza. Kila mmoja alikumbuka Jangwani, na mafuriko ya Desemba 2011 ambayo watu zaidi ya 40 walikufa katika mji huu. Maji yale hayakuanguka yote bondeni. Mengi yalitoka juu, kwenye mapaa na nyua ngumu kama huu uliotaka kutengenezwa. Baraza likaamua vitofali viwekwe njia moja tu, kutoka getini mpaka mlango wa kanisa, ili wazee na wenye viti vya magurudumu wapite bila matope. Kwingine kote pakaachwa majani. Yule mwenye uwezo akalipia njia hiyo, na fedha iliyobaki akanunulia tangi la kukinga maji ya mvua ya paa la kanisa. Mwezi wa Juni siku ya Kipaimara kiwanja kilikuwa kijani. Si kama mkeka wa kalenda. Palikuwa na mabaka, na vijiua vidogo huku na huku. Hakuna mgeni aliyelalamika. Kando ya ua mama wa maandazi alikuwa akichuma mchicha wake.

Sasa nije kwenu kijijini.

Krismasi ya mwaka 2023 nilikwenda nyumbani Matombo. Vuli ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno. Nikaona nyumba ya mama: msingi wake umebaki nje kama meno ya mzee, mawe yanaonekana, pembe moja imeanza kupasuka. Mama yangu hufagia uwanja kila alfajiri, kama alivyofundishwa na mama yake, pasibaki hata jani. Ni usafi, tena ni ulinzi, maana nyoka huonekana mbali. Lakini kila alfajiri ufagio huchukua udongo kidogo, na kila masika maji yaangukayo kutoka batini huchukua mwingi. Nikapima kwa shubiri: tangu utoto wangu uwanja umeshuka karibu shubiri mbili.

Nikamwambia: "Mama, nimeleta dawa ya uwanja." Nikafungua gunia nililotoka nalo Dar es Salaam kwa basi. Akachungulia, akapiga makofi kwa kicheko mpaka jirani wakaja. "Tazameni! Maisha yangu yote nimelima kuung'oa ukoka shambani, na mwanangu msomi amenipandia basi na gunia la ukoka!"

Nilicheka nami. Nilipoanza kueleza kama mwalimu, nikakumbuka habari ambayo wazee wa kwetu husimulia. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kuzuia udongo usichukuliwe. Nia ilikuwa udongo, lakini amri ilikuja kwa nguvu, na ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Watu wakakataa, na ghasia zikatokea hapo hapo Matombo. Basi nikanyamaza. Nikamwomba mama upande mmoja tu wa nyumba, ule ulioathirika zaidi. Akasema: "Upande mmoja, nione."

Tukapanda mstari upana wa hatua mbili, pale panapoangukia maji ya bati. Karibu na jiko na mlango tukaacha pafagiliwe kama zamani. Na kwa kuwa ukoka hutambaa ukavamia mashamba, tukachimba mfereji mwembamba kuuzunguka, akaahidi kuukata ukingo kwa jembe kila mwezi. Masika ya 2024 ilipokwisha, akanipigia simu. Alisema habari za kuku, za msiba wa jirani, za bei ya ndizi. Mwisho kabisa akasema: "Halafu ule upande wa pili nimeupanda mwenyewe."

Basi, wasomaji wapenzi, nawaachia maneno machache ya kukumbuka.

Kwanza, panda majani ya kwenu, yaliyozoea jua la kwenu. Ukoka upo miguuni pako. Uzuie kwa mfereji usiingie shambani.

Pili, kata mara kwa mara, lakini usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kilichokatwa kiache pale pale, ni mbolea ya bure. Yakisiwa hufika robo ya chakula ambacho majani huhitaji kwa mwaka.

Tatu, lisha kwa mboji na samadi iliyooza. Ukilazimika kutumia mbolea ya dukani, tia kidogo, saa za jioni au kabla ya mvua ndogo, umwagilie mara moja.

Nne, maji ya kunywa ni ya watu kwanza. Majani yangoje mvua, au yapewe maji yaliyotumika kuoshea mboga.

Tano, magugu yachimbe kwa mkono, na uulize kwanza kama si mboga ya mtu.

Sita, usinunue dawa yoyote isiyo na jina na maandishi yake, wala usiiweke katika chupa ya kunywea, hata kwa dakika moja. Kama huwezi kujibu swali "Dawa gani?", usipulize.

Mzee wetu wa bustani bado yupo, ingawa mgongo wamsumbua, na fyekeo sasa nashika mimi. Kila Jumamosi hukaa kwenye kiti chini ya mwembe akinionyesha kwa fimbo mahali nilipopaacha. Nikimaliza hunywa chai naye, kwa maandazi ya ng'ambo ya barabara. Nawatakieni kazi njema na mvua za kiasi. Kwaherini.